Kuunganisha sabufa zisizofanana: yaliyonikuta mimi

Umeuliza kama unaweza kuongeza sabufa ya inchi 12 yenye boksi la tundu kwenye mfumo ambao tayari una sabufa ya inchi 10 yenye boksi lililozibwa. Inawezekana, lakini usitarajie bezi iongezeke kwa sababu tu spika zimeongezeka. Nilikuwa na mchanganyiko huohuo, na siku ya kwanza nilipoziwasha pamoja, bezi ya chini kabisa ilipungua kuliko niliyokuwa nikiipata kwa ile ndogo peke yake.

Nililaumu amplifaya, kisha nyaya, na vyote havikuwa na kosa. Chanzo kilikuwa fezi, yaani kama mawimbi ya spika mbili husukuma na kuvuta kwa wakati mmoja au la. Boksi la tundu huundwa kwa masafa maalumu, langu likiwa karibu na Hz 32 (mitetemo 32 kwa sekunde). Chini ya hapo hewa ya tunduni husukuma kinyume na koni (ile sehemu ya spika inayotikisika), na sauti yake hupishana na ile ya boksi lililozibwa hadi kukaribia nusu mzunguko, yaani moja inaposukuma nyingine inavuta. Sabufa mbili zenye nguvu sawa zikienda pamoja huongeza desibeli 6. Zikipishana kwa digrii 120 (mzunguko mzima ni digrii 360) hazikuongezei kitu, na zikizidi hapo huanza kumezana.

Swichi ya kugeuza fezi haikunifaa, kwani ilitengeneza Hz 25 ikaharibu Hz 60, ambako ngoma na gitaa la bezi husikika zaidi. Dawa ikawa kuziba tundu la ile kubwa kwa sponji nzito, ili zote zifanye kazi kwa namna moja. Nilipoteza mngurumo kidogo karibu na Hz 32, hasara ninayoikubali. Baadaye nilipima kwa kipaza sauti pale ninapoketi, kila moja peke yake kisha zote pamoja, nikibadilisha ucheleweshaji wa sauti ya sabufa moja hadi jumla ikapita ya kila moja kuanzia Hz 25 hadi 80.

Ukifungulia sauti kubwa, kipimo chako kiwe ile ndogo, maana ndiyo itakayochoka kwanza. Tena usiziunganishe sambamba kwenye amplifaya moja kama moja ni omu 4 na nyingine omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme): amplifaya itaona omu 2.67 hivi, na ile ya omu 4 itachukua nguvu maradufu.

Kama hutaki kuziba tundu, mimi ningebaki na ile ya inchi 12 peke yake.