Magazini ya bastola usiimwagie oili

Mkuu, umesema uko Kunduchi, bastola unaimiliki kihalali, ila magazini, kile kikasha kinachobeba risasi, inakwama risasi ya tatu au ya nne na jamaa yako kakushauri uijaze oili. Usithubutu. Oili mle ndani inashika vumbi inakuwa uji mweusi, na ikipenya kwenye risasi inaweza kuharibu ile baruti ya kuwashia, siku unafyatua unasikia tak tu.

Kwanza chomoa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) uchungulie chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, uhakikishe hamna kitu, risasi zote peleka chumba kingine. Halafu bonyeza kale kapini chini ya kitako cha magazini, telezesha kifuniko taratibu huku dole gumba limeziba, maana ile springi ina hasira, yangu iliruka ikaingia nyuma ya friji nikaitafuta nusu saa nzima, wife anacheka tu. Piga picha kabla hujaitoa ujue upande gani ulikuwa juu, ukiigeuza ndo utakwama zaidi. Ndani pitisha brashi na kitambaa kikavu, basi. Springi ikiwa na kutu, na kwa chumvi ya huko ufukweni sishangai, ifute na kitambaa chenye oili kiduchu kisha kausha mpaka kidole kisiteleze.

Cheki pia ile midomo ya juu inayoshika risasi, ikipinda au ikipata ufa usigonge na nyundo, nunua nyingine kwa muuzaji mwenye leseni. Na kama una magazini zaidi ya moja, ziandike namba kwa maka peni, ikikwama tena utajua ni ipi.