Usimwage hayo mashapo: kwa wewe unayeanza kazi ya vifuko vya figo

Karibu maabara, karibu Kisumu, joto utalizoea. Najua umekesha kwa intaneti ukisoma eksosomu, yaani hivi vifuko vyenyewe, basi sitarudia yote. Seli za figo huachilia vifuko vidogo ajabu, vingi ni nanomita 30 hadi 150, yaani kifuko cha nanomita 100 ukikiweka kando ya chembe nyekundu ya damu, hiyo chembe inakishinda upana karibu mara 70. Ndani kuna protini na RNA. Seli ya juu kwa tyubuli, ule mrija mdogo wa figo unaopitisha mkojo, ikitoa kifuko, mkojo unakishusha na seli ya huko chini inakimeza, ni kama mto Nyando tu, mtu wa Ahero hupokea kile watu wa juu wameachilia. Mwaka wa 2011 watafiti walionyesha seli za mfereji wa kukusanya mkojo, zikikuzwa maabara, zinapokezana akwaporini 2, ule mlango wa maji, kwa njia hiyo hiyo, na zilizopokea zikapitisha maji zaidi. Mimi hapo ndipo nilianza kuamini hii mambo si takataka ya seli.

Sasa kitakachokutoa jasho ni protini inaitwa uromodyulini. Figo yenyewe huitengeneza, mkojo umejaa, halafu inajisuka nyuzi kama wavu wa omena, vifuko vinanaswa humo. Ukizungusha mkojo kwa sentrifyuji kwa spidi ya chini, inatulia chini ya tyubu kama mashapo, kitu cheupe kinateleza kama mrenda. Miezi miwili mzima nilikuwa namwaga hiyo kitu nikidhani ni uchafu, alafu nashangaa mbona bendi ya CD9, protini tunayotumia kutambua vifuko, ni hafifu hivi, nikalaumu antibodi, nikalaumu aliyeagiza antibodi, kumbe samaki wangu wako kwa wavu na wavu uko kwa pipa! Weka kemikali ya DTT, inakata hizo nyuzi, pasha joto kidogo kisha zungusha tena. Ila DTT inakata pia vifungo vya salfa vya protini zingine, kama unapima kazi ya kimeng'enya uliza kwanza.

Mengine ni ya haraka. Ukiandika daftari andika g, yaani nguvu inayovuta sampuli, usiandike RPM, yaani mizunguko kwa dakika, rota (kile kichwa kinachobeba tyubu) ya mwenzako si yako. Na ukikuza seli, ile seramu ya ndama ina vifuko vyake tayari, viondoe mapema ama utapima ng'ombe ukisema ni figo.

Sampuli iende friza ya nyuzi joto -80, na vizuizi vya protiezi, vile vimeng'enya vinavyokata protini, viingie mkojo ukiwa bado freshi. Pale -20 utapoteza vifuko vingi, na hata ikitoka -80 ikiyeyuka itikise kwa vorteksi, ile mashine ya kutikisa tyubu, kwa nguvu, si ule mtikiso wa adabu, maana vingi vimeshikana na mashapo. Na stima ikipotea usifungue friza kuchungulia, acha hivyo hadi jenereta ishike. Yetu nimeibandika karatasi kwa mlango: USIFUNGUE, HATA KAMA NI WEWE.