Jengo linaonekana linaanguka kwa nyuma

Mkuu uliyeuliza kwanini AICC, kile kituo cha mikutano cha hapa Arusha, kwenye picha zako inaonekana kama inaanguka kwa nyuma, ni kwamba unasimama karibu alafu unainua simu juu. Shika simu wima kabisa usiiinamishe, rudi nyuma mpaka ghorofa ya juu iingie, chini itabaki lami nyingi ila hiyo utakata baadae, na washa ile mistari ya gridi kwenye kamera inasaidia sana. Omba ruhusa kwa walinzi kwanza, usijifanye mjanja.

Mwanga sasa, hapa Arusha Desemba jua linapita upande wa kusini na Juni kaskazini, kwahiyo ukuta unaotazama kusini usiuhangaikie Juni utakuta kivuli tupu, na asubuhi za Julai mawingu ndo kabisaa.

Alafu tukipost picha tuandike na majina ya waliochora majengo jamani! Kila mtu anapost soko la Kariakoo na yale mapaa kama miavuli iliyogeuzwa ila Beda Amuli aliyelichora hatajwi. Kwa AICC andika hata majina ya majengo yake tu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro.