Muulize Shangazi: Kanzu ya babu na mchezo wa dakika 60

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Tanga. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga upya chumba cha marehemu babu, kwenye sanduku tukakuta kanzu yake ya zamani, imeshonwa yote kwa mkono na kwapani ina kijikitambaa cha mraba ambacho kwenye kanzu za dukani sijawahi kukiona. Nataka nishone nyingine kama ile ile. Wikiendi ijayo binamu yangu anakuja na laptop, anataka tucheze magemu ya zamani yale ya enzi za flopi ila yanakataa kufunguka. Nna cherehani ya mama, nimewahi kushona foronya na suruali moja tu. Je siku mbili zinatosha, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu babu yako. Barua yako nimeisoma mara tatu mana hayo mambo mawili ndo wikiendi zangu zilivyo, mchana sindano, jioni kompyuta, na umenifurahisha sana ulivyokiona hicho kijikitambaa cha kwapani. Kinaitwa kikwapa. Mafundi wa zamani kila kipande cha kanzu walikipa jina lake, badani la mbele na badani la nyuma ndo mwili wenyewe, taharizi ni vile vipande vya ubavuni vinavyoanza vyembamba juu vikapanuka chini, kaba ni kitambaa cha ndani kinachozunguka shingo, sijafu ni ule mkunjo wa ndani mwisho wa mkono. Yashike haya majina kabla hujashika mkasi, ukienda kwa fundi mzee ukamuuliza habari za taharizi atakuvutia kiti akufundishe.

Siku mbili zinatosha kwa kanzu ya mfuto, yani ile isiyo na darizi. Shingo ya darizi iache kwanza. Naona vijana wengi wanaanzia shingoni kwa sababu ndo panapoonekana, lakini kanzu inakaa mwilini au haikai kwa sababu ya kikwapa na taharizi, ukiviharibu hivyo hata udarizi kwa uzi wa dhahabu mtu akiinua mkono kanzu yote inapanda nae.

Kitambaa nunua bafta nyeupe, mita 4 za upana wa inchi 45 zinamtosha mtu wa kimo cha kawaida na kipande kinabaki. Kama ya babu ni nzito kidogo na ina rangi ya maziwa basi tafuta marekani, ile isiyopaushwa, na hilo jina limetoka Marekani kweli, wafanyabiashara wa Salem kule Massachusetts ndo waliokuwa wakiileta Unguja kwa majahazi yao makubwa, mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wetu wa Unguja, akawekeana mkataba wa biashara na nchi yao, halafu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 nguo hiyo ikaadimika huku kwetu.

Ijumaa usiku loweka kitambaa, kifue, kianike, asubuhi kipige pasi ndo ukate. Hili nakusisitizia kwa sababu kanzu ya kwanza niliyomshonea marehemu mume wangu niliikata bafta kama ilivyotoka dukani, akaivaa sikukuu ya Idd ikampendeza mno, ilipofuliwa mara moja tu ikapanda juu ya kifundo cha mguu na mikono ikawa mifupi, na yeye akaendelea kuivaa hivo hivo ndani mpaka ikachakaa.

Jumamosi asubuhi tandika mkeka, ilaze kanzu ya babu, ipime kipande kwa kipande kwa futi uandike kwenye daftari. Usiifumue hata uzi mmoja! Tazama begani, kama hamna mshono ujue badani ni kitambaa kimoja kirefu kimekunjwa katikati kikatobolewa shingo, na wewe fanya hivyo hivyo. Taharizi usizikate moja moja, chukua kipande cha mstatili ukate kwa mshazari, kimoja kinakupa mbili, moja inageuzwa kichwa chini na hamna kinachopotea. Ule upande wa mshazari ndo ushone na badani lililonyooka, ukishona mshazari kwa mshazari ubavuni baada ya mwezi upindo unaning'inia kama ulimi.

Sasa kikwapa. Kata mraba wa sentimita 12 kwa 12, na kwa chaki weka nukta kila pembe, sentimita moja ndani kutoka kila upande. Upande wa kwanza uunganishe na mkono wa kanzu, upande unaofuata shona na taharizi, ukifika kwenye nukta simama, usipite hata tundu moja la sindano, mana ukipita pale pembeni kitambaa kitajikunja na hutokitoa mkunjo huo hata kwa pasi ya mkaa. Kisha kunja mkono wa kanzu, mraba uwe pembetatu, ushone pande mbili zilizobaki vile vile. Kwanza piga bandi, yani mishono mipana ya muda, kwa mkono kwa uzi wa rangi nyingine, ivae, inua mikono yote kama unaomba dua, ukiona haivuti ndo upeleke kwenye cherehani. Cherehani ya mama itumie kwa mishono mirefu ya ubavuni, hamna dhambi, ila kikwapa, kaba na upindo wa chini malizia kwa mkono na uvae kastabani kidoleni, bafta ikikunjwa mara tatu inatoboa kidole.

Ikifika saa kumi jioni acha. Macho yakichoka mkono unakosea, kesho utafumua yote. Hapo sasa muite binamu.

Magemu ya zamani hayafunguki kwenye laptop yake kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo ulioendesha kompyuta za enzi zile, na Windows za siku hizi hazina hiyo DOS ndani yake. Mnahitaji programu ya bure inaitwa DOSBox, yenyewe inajifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Mkishaiweka tengenezeni folda fupi tu kwenye diski C muiite MICHEZO, mtie gemu humo, fungueni DOSBox muandike mount c c:\michezo halafu mbonyeze enta, kisha c: na enta, mtakuwa mmeingia. Gemu likikimbia kama limefukuzwa na mbwa bonyezeni Ctrl na F11 kulipunguza mwendo, likizorota Ctrl na F12. Na magemu mengi yale bado yana wenyewe, yanauzwa kwa bei ndogo, nunueni. Gemu la Doom sehemu yake ya kwanza tangu 1993 iliruhusiwa kugawiwa bure kwa hiyo hiyo mnaweza kuanza nayo bila wasiwasi.

Lakini mkiniuliza mimi, anzeni na Prince of Persia. Imetoka 1989, kaitengeneza Mmarekani mmoja Jordan Mechner karibu peke yake, na yule mwanamfalme anavyokimbia, anavyoruka akaning'inia ukingoni, ni mwendo wa mtu wa kweli, Mechner alimvalisha mdogo wake David nguo nyeupe akamrekodi video akikimbia na kuruka kwenye maegesho ya magari, halafu akaihamishia kwenye kompyuta picha moja baada ya nyingine. Ukimtazama vizuri utaona suruali nyeupe pana na miguu mitupu, mimi fundi kila nikicheza naitazama ile suruali kwanza. Na kuna jambo litakugusa wewe, ile programu yenyewe alivyoiandika Mechner ilipotea miaka mingi, mwaka 2012 baba yake akaikuta kwenye boksi la flopi za zamani ndani ya kabati, wataalamu wakaisoma ikatolewa watu wote waione. Unaona, sanduku la babu yako nalo.

Gemu linakupa dakika 60 kumwokoa binti mfalme, kwa hiyo mkicheza duru moja moja kwa zamu hamtokesha na Jumapili macho yatakuwa mazima kwa ajili ya kaba na upindo. Mfundishe binamu kushika Shift akikaribia ukingo, mwanamfalme anatembea hatua ndogo ndogo na haanguki.

SWALI: Shangazi, niko Muscat ila kwetu Unguja. Nataka kushona vazi la kike la Unguja ya zamani kwa ajili ya harusi ya dada yangu, sina sampuli yoyote. Nitazame wapi?

JIBU: Tafuta picha za Sayyida Salme mwanangu, binti wa Sayyid Said, kazaliwa Unguja 1844 na kaondoka 1866, alipofika Hamburg akapigwa picha studio amevaa mavazi ya kwao. Utaona vazi la juu refu na suruali inayotokeza chini yake, na kitambaa cha kichwani. Picha haina rangi, kwa hiyo rangi waulize bibi zako kwa simu kabla hujanunua hariri, na suruali ishone kwanza kwa kitambaa cha bei rahisi uijaribu.

SWALI: Shangazi habari, mimi wa Nakuru, ni wewe ulinitia kwa Prince of Persia na sasa nimekwama ngazi ya 8, mlango umejifunga na hakuna njia ya kutoka. Nimeanza upya mara sita. Nifanyeje?

JIBU: Usianze upya tena. Simama hapo hapo ndani usubiri, usiruke wala usirudi nyuma. Binti mfalme atamtuma panya wake mweupe, atakuja mbio akanyage kile kibonyezo upande wa pili, mlango ukiinuka tu kimbia.