Maswali ya Wasomaji: Bodaboda Asiyeonekana kwa Nyuma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa bodaboda katika stendi kuu ya mabasi, Nanenane, hapa Dodoma. Abiria wangu wengi hushuka kwenye mabasi usiku, nami huwapeleka Ihumwa na Mtumba kwa barabara ya Morogoro. Hivi karibuni lori lilitukosakosa kwa nyuma, na dereva wake aliapa kwamba hakutuona, ingawa nilikuwa nimevaa reflekta na taa zangu zilikuwa zinawaka. Wenzangu kijiweni wananishauri nifunge balbu ya LED yenye mwanga mkali zaidi, pamoja na taa ya nyuma ya kumetameta. Je, vitanisaidia?
Msomaji, Nzuguni

JAWABU: Ndugu msomaji, pole kwa mkasa huo. Kabla ya kununua chochote, jiulize mgongo uliokuwa mbele ya lori lile ulikuwa wa nani. Haukuwa wako. Ulikuwa wa abiria wako, ambaye bila shaka alivaa koti la rangi ya giza kwa ajili ya baridi ya safari na pengine alibeba begi mgongoni, na reflekta yako ilikuwa imefunikwa yote katikati yenu. Dereva wa bodaboda akiwa peke yake huonekana vizuri. Akishapakia, ambayo ndiyo kazi yenyewe, kwa nyuma hubaki na taa moja ndogo tu, nayo mara nyingi imejaa vumbi letu la kiangazi au imezibwa na gunia la mkaa lililoning'inia.

Zingatia pia hesabu ya mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa kwa taa zilizoshushwa, anaweza asitambulike mpaka gari limefika mita 30 hivi kutoka alipo, na dereva akichelewa sekunde moja na nusu tu kabla ya kukanyaga breki, mita hizo zote zimekwisha. Kitambaa kizuri cha kuakisi huonekana kutoka umbali unaozidi mita 100.

Kwa hiyo fedha ya balbu ningeitumia kununua reflekta ya pili, ya kumvalisha abiria juu ya begi lake. Wapo watakaokataa kwa sababu inanuka jasho la wengine, na hapo siwalaumu, ifue. Ila usiisugue kwa brashi, usiitie jiki wala usiipige pasi, kwani katika mikanda mingi kinachorudisha mwanga ni chembe ndogo sana za kioo, na zikishang'oka mkanda hubaki utepe wa kijivu tu. Rangi ya kijani kibichi au ya machungwa inayowaka mchana ina kazi yake mchana na jioni; usiku inayofanya kazi ni ile mikanda. Ili kuipima, itundike gizani, rudi nyuma hatua thelathini, kisha imulike kwa tochi uliyoishika kando ya jicho lako, maana mkanda huo hurudisha mwanga kule ulikotoka. Isipong'aa, nunua nyingine. Bandika pia stika nyekundu za kuakisi nyuma ya pikipiki, chini ya usawa wa mzigo, na za njano ubavuni, kwa kuwa kwenye njia panda gari hukukuta ubavu.

Kuhusu balbu ya LED, ushauri wa wenzako siukubali. Taa ya mbele iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida hutawanya mwanga ovyo ikiwekewa balbu ya aina nyingine, ikamtia upofu anayekuja mbele yako, naye huyo ndiye unayemtegemea akuone. Isitoshe, abiria anapoketi, nyuma hulala na taa ya mbele huinuka. Mwambie fundi airekebishe mkiwa wawili juu ya pikipiki, mkielekea ukuta, mpaka mwanga ulioshushwa uangukie chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe.

Ile taa ya kumetameta mimi naiona ni pambo. Dereva wa nyuma hushindwa kukadiria umbali wako, na indiketa yako hupotea humo. Afadhali taa nyekundu inayowaka bila kukatika, iliyofutwa kila jioni, na taa ya breki inayowaka kwa breki zote mbili, ya mkono na ya mguu. Ukisimama kushusha abiria, toka kabisa kwenye lami, kwa sababu taa za pikipiki nyingi ndogo hufifia injini inapozunguka polepole.

SWALI: Ninatoka Bahi kuja mjini alfajiri kwa pikipiki. Kioo cha helmeti yangu ni cheusi, nikikiinua vumbi linaniingia machoni. Je, nivae miwani ya njano?
Msomaji, Bahi

JAWABU: Hapana. Miwani ya njano nayo hupunguza mwanga, ambao gizani tayari ni haba. Weka kioo cheupe kisicho na mikwaruzo, na miwani ya jua ibaki mfukoni mpaka kuche. Hata hivyo, jua likichomoza utakuwa umelielekea, na madereva walio nyuma yako pia watakuwa wamelielekea, kwa hiyo usivue reflekta kwa kuwa tu kumepambazuka.