Acheni kumtafuta mwanamume ndani ya shairi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma fasihi ya Kiingereza. Tumepewa insha juu ya mapenzi, usaliti na kumbukumbu katika ushairi wa wanawake wa Uingereza enzi za Malkia Victoria. Nimechagua "Remembrance" la Emily Brontë na "Remember" la Christina Rossetti. Mtandaoni nimesoma kwamba Rossetti aliandika lake baada ya kuachwa na mchumba wake, James Collinson. Lakini jina la mpenzi wa Emily aliyefariki sijalipata popote. Alikuwa nani? Na kati ya wanaume hao wawili, msaliti ni yupi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina hujalipata kwa sababu halipo. Hakuna ushahidi wowote kwamba Emily Brontë aliwahi kuwa na mpenzi.

Piga hesabu mwenyewe. Shairi lina tarehe: 3 Machi 1845. Nafsineni, yaani msemaji wa ndani ya shairi, anasema Desemba kali 15 zimekwisha kuyeyuka tangu mpenzi wake alazwe kaburini chini ya theluji. Emily alizaliwa 30 Julai 1818, kwa hiyo siku anaandika alikuwa na miaka 26. Rudi nyuma miaka 15 unakutana na mtoto wa miaka 11. Je, huyo ndiye aliyemzika mpenzi wa ujana wake, akaapa kutopenda tena?

Hati yake ya mkono inalimaliza suala hilo kabisa. Juu ya shairi Emily aliandika kwamba maneno haya ni ya R. Alcona kwa J. Brenzaida. Rosina Alcona na Julius Brenzaida ni watu wa Gondal, kisiwa cha kubuni ambacho Emily na mdogo wake Anne walikitunga tangu utotoni kule Haworth, kijijini kwao Uingereza, kikiwa na wafalme wake, vita vyake na mauaji yake. Brenzaida ni mtawala aliyeuawa. Rosina ndiye anayemlilia. Mwaka 1845 Charlotte, dada yao mkubwa, alilikuta daftari la mashairi hayo, akamshawishi Emily yachapishwe. Kitabu cha dada hao watatu kilitoka 1846 kwa majina ya bandia, Currer, Ellis na Acton Bell, na mwanzoni ziliuzwa nakala 2 tu. Kabla ya kuchapa, alama za Gondal zilifutwa. Majina yaliyokuwa juu ya shairi yakaondoka, na pwani ya Angora ikawa "pwani ile ya kaskazini". Kwa hiyo msomaji akapokea shairi lisilo na mwenyewe, akaona "mimi", akaamua ni Emily.

Unaweza kudhani kosa hilo ni la wanafunzi wenye haraka tu. La. Mwaka 1936 Virginia Moore alitoa kitabu cha maisha ya Emily. Katika hati moja alisoma vibaya mwandiko wa penseli uliosema "Love's Farewell", yeye akaona "Louis Parensell", na huyo Louis akapewa cheo cha mpenzi wa siri wa Emily. Mtu ambaye hakuzaliwa aliingia kwenye wasifu kwa sababu mwandishi alikuwa anatafuta mwanamume, na anayetafuta hivyo hakosi kumpata.

Kuhusu Collinson, habari ya mtandaoni inaanguka kwa tarehe vilevile. "Remember" iliandikwa 25 Julai 1849, Christina akiwa na miaka 18. Wakati huo uchumba wake na James Collinson, mchoraji wa Pre-Raphaelite, kundi la wasanii wa Uingereza, ulikuwa haujavunjika. Ulivunjika 1850, na aliyeuvunja ni Christina mwenyewe, kwa sababu Collinson alirudi Kanisa Katoliki, na Christina alikuwa Mwanglikana wa imani kali. Basi shairi linalosemekana kulilia kuachwa liliandikwa kabla ya kuachana, na aliyeliandika hakuachwa. Dakika tano za kulinganisha tarehe zingetosha. Wanaouza miongozo na wanaojaza mitandao kwa muhtasari hawazitoi dakika hizo, kwa kuwa hadithi ya msichana aliyevunjwa moyo inanunulika kuliko soneti, shairi la mishororo 14.

Sasa turudi kwenye soneti yenyewe, maana tukiwa tunamfukuza Collinson imepita bila kusomwa. Anayeondoka humo ni mwanamke, naye anaondoka kwa kufa. Katika mishororo minane ya kwanza anamsihi mwanamume amkumbuke, tena na tena. Lakini tazama mshororo wa 6: mwanamume ndiye anayemsimulia siku zao za usoni, "ulizozipanga" wewe. Za wote wawili, ila kapanga mmoja. Tazama pia mshororo wa 4, anapogeuka nusu ili aende, akigeuka akabaki. Ukishaona hayo, mgeuko wa mshororo wa 9 haukushangazi. Ukinisahau kidogo, anasema, kisha ukakumbuka, usisikitike. Kwa maana kama giza na kuoza vitabakiza alama ya yale mawazo niliyokuwa nayo zamani, ni heri usahau utabasamu kuliko ukumbuke uhuzunike.

Mawazo gani hayo? Hasemi. Ni mawazo ambayo akiyajua mwanamume atahuzunika, na mwanamke amekaa nayo kifuani muda wote anaposikiliza mipango ya kesho. Unaweza kuyasoma kama upendo mtupu unaomhurumia anayebaki. Unaweza pia kuyasoma kama shaka ambayo hakuwahi kumwambia. Mimi naiona shaka hiyo, na naamini Rossetti aliiweka makusudi. Hapo pana usaliti kama unautaka, lakini haumo katika kitendo cha mwanamume yeyote. Umo katika pengo kati ya mwanamke atakayekumbukwa na mwanamke aliyekuwa akiishi kweli.

Kwa Brontë jambo hilo limegeuzwa kichwa chini. Huyu ndiye aliyebaki hai, na anayeomba radhi ni yeye: nisamehe, mpenzi wa ujana wangu, ikiwa nimekusahau huku mkondo wa dunia ukinichukua. Msaliti anayemshuku ni nafsi yake mwenyewe, kwa kosa la kuendelea kuishi. Amejifundisha kuzuia machozi na ameiachisha roho yake changa kumtamani marehemu. Ubeti wa mwisho unakiri kwamba hathubutu kuilegeza kumbukumbu, kwa kuwa akishaonja tena uchungu ule mtukufu, dunia hii tupu ataitafuta kwa lipi? Weka mashairi haya mawili pamoja: mmoja anamruhusu mwenzake asahau, mwingine anaogopa kwamba amekwisha kusahau. Insha yako iko hapo, na ni insha nzuri.

Kama unataka usaliti wa waziwazi, mapenzi ya kutupwa, soma "Cousin Kate" la Rossetti. Binti wa kijijini anachukuliwa na bwana mkubwa, anabadilishwa kama glavu, kisha bwana anamwoa Kate. Ghadhabu yote ya shairi inamwendea Kate, binamu aliyekubali, na mwisho nafsineni anajivunia mtoto wa kiume ambaye Kate hana. Christina hakuolewa wala hakuzaa. Sijawahi kuona mwongozo unaouliza bwana huyo alikuwa nani katika maisha yake, kwa sababu hapo ubunifu unaonekana kwa macho. Lakini shairi likiwa fupi na la upole, wasomaji hao hao wanalisoma kama shajara.

Wanaume hawasomwi hivyo. Robert Browning, mshairi wa enzi hizo hizo, ana shairi ambalo msemaji anamnyonga mpenzi wake kwa nywele za mpenzi huyo, na jingine ambalo mtawala anamwonyesha mgeni picha ya mke ambaye, tunaelewa, aliamuru auawe. Darasani tunafundishwa mara moja kwamba huo ni uzungumzinafsia, yaani mhusika wa kubuni anazungumza peke yake, kwamba Browning amevaa sura ya mwingine. Augusta Webster, mshairi mwanamke wa enzi hizo, alifanya kazi ya aina hiyo hiyo mwaka 1870: kahaba anayekumbuka maisha yake katika "A Castaway", na Medea wa hadithi za Kigiriki anayekumbuka mume aliyemsaliti baada ya kusikia amekufa. Webster aliona jinsi wasomaji wanavyomwelekea mshairi, akaandika makala nzima kueleza kwamba kwa kawaida "mimi" wa shairi si mshairi. Ni makala ya miaka ya 1870, na bado naandika jibu hili.

Hata kabla yake, mshairi Letitia Elizabeth Landon, aliyejulikana kwa herufi L.E.L., alikuwa amekwisha kulalamika. Katika utangulizi wa kitabu chake cha 1829 aliwakumbusha wasomaji kwamba ameandika mapenzi yasiyorudishwa, mapenzi yaliyosalitiwa na mapenzi yaliyokatizwa na kifo, na kwamba moyo mmoja hauwezi kuwa umepata mateso ya kila namna hiyo. Hawakumsikia. Uvumi ulimwandama London kwa miaka, na uchumba mmoja ulivunjika katikati ya uvumi huo. Mwaka 1838 aliolewa na George Maclean, mkuu wa utawala wa Waingereza kule Cape Coast, Ghana ya leo. Alifika Agosti, 15 Oktoba alikutwa amekufa, chupa ya asidi ya prusiki, sumu kali, mkononi, akiwa na miaka 36. Watu wakarudi kwenye mashairi kutafuta aliyemuua.

Utaniambia utafiti wa miaka ya karibuni umebaini kwamba Landon alizaa kwa siri watoto 3 na mhariri wake, William Jerdan. Ni kweli. Niambie basi ni shairi gani linalotuambia hivyo. Siri hiyo ilitoka kwenye kumbukumbu za familia na nyaraka za vizazi. Anayetaka maisha ya mtu aende kwenye nyaraka.

Kitu kilichomo katika mashairi yake ni kingine. Akiwa melini kuelekea Cape Coast aliandika shairi kwa rafiki zake walio mbali, akirudia kuuliza kama wanamkumbuka kama yeye anavyowakumbuka. Habari za kifo chake zilipofika Uingereza, mshairi Elizabeth Barrett alilichukua swali hilo akalijibu kwa shairi, na baadaye Christina Rossetti naye akaandika "L.E.L." Wanawake hawa walikuwa wakisomana na kukumbukana, shairi kwa shairi, na katika mnyororo huo mwanamume wa kutajwa hahitajiki.

Sisemi maisha hayaingii kamwe. Soneti 43 alizotoa Elizabeth Barrett huyo, sasa Barrett Browning, mwaka 1850 zilitokana kweli na uchumba wake na Robert Browning, na barua zao zipo za kuthibitisha. Hata hivyo alizipa jina la kuwafanya watu wadhani ni tafsiri kutoka Kireno. Aliyekuwa na haki zote za kusema "mimi" alitafuta pazia.

Walimu wenzangu wa sekondari, hili ni lenu pia. Ukumbini mwimbaji wa taarab akilia kwamba ametupwa, watu wanamtunza na kwenda zao. Hakuna anayetoka kumsaka mumewe. Mwanafunzi ana akili hiyo tangu nyumbani, halafu darasani tunampa mwongozo unaomnyang'anya. Kabla ya kuulipia, fungueni ukurasa wa shairi mnalolijua vizuri. Ukikuta umeandikwa "mshairi alisalitiwa ndiyo maana analia", hauna tarehe, hauna barua, hautofautishi mshairi na nafsineni, urudisheni rafuni. Na video za dakika mbili zinazowapa wanafunzi jina la mpenzi kwa kila shairi, waulizeni wanaozitengeneza, mmoja mmoja: jina hili limetoka wapi, na shairi liliandikwa lini?