Shangazi, nikisoma Biblia sisikii kitu

"Shangazi shikamoo. Nimeokoka tangu nikiwa sekondari. Mwaka huu nilianza ule mpango wa kumaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja kwenye simu, nikakwama Walawi, sasa niko nyuma siku 61 na kila asubuhi simu inanikumbusha. Nikisoma naona maneno tu. Ila namuuguza mama, na juzi nilimloweka miguu nikawa namkata kucha, nikajikuta naimba huku nalia, nikahisi kabisa Mungu yupo chumbani. Hata hadithi za kawaida nikisoma nalia, Biblia silii. Nikamwambia dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi, akasema nimekuwa vuguvugu. Je, imani imeniisha?"

Marahaba mwanangu, na pole sana na kuuguza, maana kumuuguza mzazi hakuna zamu wala likizo na mtu anaweza akachoka mpaka akadhani imani imekufa kumbe ni mwili tu unadai usingizi. Kasome Eliya, 1 Wafalme 19, amekata tamaa mpaka anaomba afe, na malaika alivyokuja hata hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka ule, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Kwahiyo kabla ya yote lala, na waambie ndugu zako washike hata usiku mmoja kwa wiki.

Hilo neno vuguvugu limeniuma kweli. Lipo Ufunuo 3, waliambiwa watu wa Laodikia, na sababu imeandikwa palepale, walikuwa wanasema sisi ni matajiri hatuna haja ya kitu. Sasa wewe unayeniandikia huku unalia unamtafuta Mungu, hiyo barua inakuhusu nini? Dada yako sidhani alikuwa na nia mbaya, ila hapo alikosea, usilibebe.

Sasa tuje kwenye huo mpango. Biblia ina sura 1,189, ukigawa kwa siku 365 ni sura tatu na kitu kila siku, ndio maana watu wengi wanafika Walawi mapema tu mwaka ukiwa mchanga, wanakutana na sheria za dhabihu na magonjwa ya ngozi sura kwa sura halafu wanakwama. Ukiwa nyuma siku 61 hapo husomi tena, unalipa deni, na mtu anayelipa deni halii kwa furaha hata siku moja. Zima hizo notifikesheni leo, hakuna mahali Mungu amesema atakuhesabia kurasa.

Na hilo la kulia kwenye hadithi mbona ndio limenipa moyo kuliko yote. Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe, nabii Nathani hakuja na amri. Alikuja na stori, palikuwa na maskini ana kakondoo kamoja tu, kanakula chakula chake, kanakunywa kikombe chake, kanalala kifuani kwake kama binti yake, akaja tajiri akakachinja. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya kakondoo! Ndipo akaambiwa wewe ndiwe mtu huyo. Amri ya usizini na usiue aliijua zamani, ila kilichomfikia ni kakondoo. Na kuhusu Yesu, Marko anasema pasipo mfano hakusema na watu, mbegu, chachu, mwanamke anafagia nyumba anatafuta sarafu, vitu vya nyumbani hivyohivyo. Kwahiyo moyo unaolia kwenye hadithi ni mzima, tatizo umekuwa unaisoma Biblia kama fomu ya kujaza.

Halafu hizo kucha. Fungua Yohana 13 usome polepole, Yesu anaondoka mezani, anavua vazi la nje, anachukua kitambaa anajifunga kiunoni, anatia maji kwenye bakuli, anaanza kuosha miguu. Wewe huo mwendo unaujua, unajua mtu anavyovuta mguu maji yakiwa ya moto, unajua mgongo unavyouma ukiinama. Wako watu wameihubiri hiyo sura miaka na miaka hawajawahi kushika mguu wa mgonjwa. Ulichohisi chumbani kwa mama ni sura hiyo, ila uliingilia mlango wa nyuma.

Lakini sikwambii uache Maandiko ubaki na hisia tu, hapana, hisia zitakuja na kuondoka na kuna siku utamkata mama kucha usihisi chochote, siku hiyo utahitaji maneno yaliyokuwepo kabla yako. Zaburi 88 inaanza kwa kilio inaishia gizani, mistari 18 yote, na bado ni maombi na imo ndani ya Biblia. Ukikosa la kusema soma hiyo kama yako.

Anza Marko, ana sura 16 tu. Kisa kimoja kwa siku, kwa sauti, ukiwa umekaa karibu na mama, hata kama amesinzia, na ukipenda kukirudia siku tatu rudia. Ukifika sura ya 5, pale binti wa Yairo anafufuka na waliomo ndani wanashangaa, angalia kitu cha mwisho Yesu anachowaagiza kabla hajatoka mle ndani. Amesema apewe chakula. Kaa na hilo kidogo halafu uniandikie umeonaje.